Mugawa na Mbuzi ya Mugongo ya Manjano

Jina lake ninalijua vizuri, lakini siliseme hapa, sababu ndugu zake wangali kwenye kilima cha kwetu na hawapendi lisikike. Sisi wote tulimuitaka Mugawa. Kazi yake ilikuwa kugawa nyama ya pori, na kwetu, pale mashamba ya Masisi inaisha na pori ya Walikale inaanza, ile haikuwa kazi ya kila muntu. Mukuki kila mwanaume alikuwa nayo. Kisu ya kugawa ilikuwa moja tu.

Mimi shule yangu iliishia kwa kusoma majina ya watakatifu kwenye ukuta wa kanisa, basi musinitafutie maneno ya kupendeza. Nitasema vile ninakumbuka, na nikipotea njia munivumilie, nitarudi.

Mikono yake njo watu waliangaliaka mbele ya kuangalia uso. Vidole mirefu, kucha zimekatwa, hakuna uchafu. Shati yake ilikuwa imebaki mbele tu, kwa mugongo ni matundu, lakini mikono ilikuwa kama ya padri mbele ya misa. Nyama ikishalala chini, ananawa. Kama hakuna maji, ananawa na majani yenye umande. Halafu anatandika majani ya ndizi, kama hatuko pori ya mianzi, ao majani yoyote mapana, moja kwa kila muntu mwenye haki. Kidari ya mwami, mutawala wetu. Mugongo ya mwenye nyavu. Muguu ya nyuma ya mwenye imbwa. Shingo ya yule alichoma wa kwanza. Ini ya wazee. Wengine wote waliosimama kwenye nyavu wanapata kile kinabaki, na yeye anachukua mwisho. Anakata, anaweka, anasimama kando, anaangalia na jicho moja limefungwa, anatoa kipande hapa anaweka pale. Halafu anasema: «Muangalie.» Neno moja. Hakuna muntu alikuwa na ruhusa ya kusema mbele ya lile neno.

Kuna siku ndugu yake wa tumbo moja alimunongonezea amuongezee kidogo, muke wake alikuwa amezaa. Mugawa hakupunguza sauti. Akajibu wote wasikie kama nyama haimujui ndugu yake, hata yeye haimujui. Watu walicheka, ndugu akakasirika mwezi muzima. Lakini jioni ya siku ileile Mugawa akamupelekea fungu yake mwenyewe yote, akaiweka mulangoni bila kupiga hodi, akaenda kulala amekula sombe tu, majani ya muhogo.

Musifikiri alikuwa mutakatifu. Kwa chumvi alikuwa mwizi. Chumvi ile miaka ilikuwa kitu ya kufunga ndani ya jani na kuficha kwa dari, na yeye alikuwa anaidokoa usiku na mchana, halafu anasingizia panya. Muke wake alikuwa mwanamuke wa maneno mafupi. Alisema mbele yetu: «Panya ya nyumba hii iko na vidole mirefu.» Mugawa akaangalia mikono yake kama vile ni mara ya kwanza anaiona.

Kulima hakupenda. Shamba yake ilijulikana kwa majani. Na mbuzi za nyumbani alizichukia kabisa, anasema ziko na macho ya muntu anayedai. Kanisani alikaa kwenye benchi ya wanaume, mbele, anaimba kwa sauti mbaya. Lakini siku ya kuwinda anatafuna majani yake ya wababu, anatemea njuga ya imbwa yake mara ya kwanza upande huu, mara ya pili upande ule. Katekista alimugombeza. Yeye alimuuliza kwa upole kama Mungu anakasirikia mate. Katekista mwenyewe alikuwa anapenda nyama, maneno ikaishia pale.

Imbwa. Hapo niseme kidogo, juu wengi wa leo hawajui. Imbwa zetu za kuwinda hazikulia kama hizi za mujini. Zinanyamaza. Njo sababu tulizifunga njuga ya muti kwa shingo. Tukiwa njiani tunaijaza majani isisikike, na nyavu ikishasimama tunaitoa majani, tunaachilia, halafu unasikiliza: ko-ko-ko ndani ya mianzi, na unajua nyama iko inakuja upande gani. Ile yake ilikuwa jike, mwembamba, sikio moja limepasuka. Aliiita Mama, na aliisemesha kwa heshima kuliko alivyosemesha kapita. Kapita wetu, musimamizi wa kazi ya barabara, alikuwa muntu wa kiboko na kofia, na siku moja akamuuliza kwa dharau kama ile imbwa njo ilimuzaa. Mugawa akafikiri. Akasema hapana, lakini ikimuomba afanye kitu inaomba vizuri. Alilala ndani ya selo ya mwami, amefungwa, juu ya ile jibu.

Basi, ninakimbia kusema ile njaa. Ninajua. Ni kama ninatafuta kila njia ya kukumbuka Mugawa bila kufika kule, lakini bila ile njaa hamutamujua.

Ilikuwa wakati wa vita ya Wazungu, ile ambayo hatukuiona na macho lakini ilikuja kukula kwetu. Wanaume walipelekwa kulima barabara upande wa Walikale, wengine wakatumwa porini kutafuta utomvu wa mupira, na walirudi wakati wa kupanda umeshapita. Ile kidogo wanawake walipanda, mvua ikaozesha maharagi ikiwa ingali shambani. Muhogo tuliichimba ikiwa kama kidole. Wakubwa walikonda tu. Watoto njo walivimba. Miguu inajaa maji, uso unakuwa mviringo hata unafikiri ananona, nywele inakuwa nyekundu kama ndevu ya mahindi, halafu ngozi inaanza kubambuka kwa mapaja kama karatasi. Mutoto hachezi tena. Anakaa pale unamuweka.

Mugawa alikuwa na mujukuu mumoja, mutoto mwanaume, hajaacha kunyonya vizuri wakati mama yake alikufa. Yule mama alikuwa binti wa pekee wa Mugawa. Walibaki na yule mutoto, yeye na muke wake, na sisi tulimuona akimubeba mugongoni kama mwanamuke, mbele ya wanaume, bila haya. Alimubeba mupaka dispansere, nyumba ya dawa, mwendo wa kwenda na kurudi bila kukula. Infirmye, muuguzi wa pale, akamuangalia mutoto, akakamata muguu na kidole, alama ya kidole ikabaki pale. Alimuambia: «Papa, dawa ya huyu iko kwa chungu, haiko huku. Nyama, mayai, maziwa.» Mayai ya nani? Kuku zote zilikuwa zimeshaliwa.

Aliporudi, akaanza kupita nyumba kwa nyumba anaomba tupande kwenye mianzi kutega nyavu. Tulimuona ni kama amepoteza akili. Wakati ulikuwa umeshapita. Mvua ikishaanza kule juu, nyavu inakunywa maji inakuwa nzito kama maiti, harufu ya nyama inaoshwa, imbwa inazunguka bure, na mbuzi za pori zinashuka upande mwingine wa mulima ambako hakuna mwenye anafika. Kila muntu alijua, na yeye alijua kutupita. Mwenye nyavu, muntu mukubwa wa mwili na mwenye moyo wa woga, alimuambia pale juu watakufa na baridi bure. Mugawa alimuuliza tu: binti yako anaendeleaje? Yule binti alikuwa kadogo, alikuwa ameshavimba miguu. Mwenye nyavu akaangalia chini. Kesho yake akazitoa nyavu kwa dari.

Njo vile tulienda. Hata kapita alikuja, bila kofia, sababu nyumbani kwake vilevile alikuwa na kijana mwenye nywele nyekundu. Mimi nilikuwa nimeoa juzi, sina mutoto bado, nilibeba nyavu.

Kule juu sitaki kukusumbua na kila siku. Ukungu. Mianzi inadondosha maji hata mvua ikiisha. Moto inakataa. Tunasimamisha nyavu, tunatoa majani kwa njuga, Mama anaingia, tunasikia ko-ko-ko inaenda mbali, inazunguka, inarudi, na Mama mwenyewe anatoka analowana, anatuangalia kama anaomba radhi. Tunahamisha nyavu. Tena vilevile. Tulikula mizizi na uyoga. Mumoja alianza kuharisha damu. Mwenye nyavu akasema basi, tunashuka, angalau tufe karibu na wake zetu.

Mimi sikuwa nimesikia hata siku moja Mugawa akiomba. Siku ile aliomba. Alipiga magoti ndani ya matope, mbele ya mwenye nyavu, na mbele ya kapita aliyemutia ndani ya selo, akasema: «Mara moja tena. Nikikosa, muniache huku.»

Tukatega mara moja tena, kwenye bonde kadogo chini ya mwamba. Njuga ikaingia, ikanyamaza, halafu ikaja mbio, na mbele yake kitu kikavunja mianzi na kujirusha ndani ya nyavu kwa nguvu hata mwenye nyavu akaanguka. Alichoma akiwa chini. Wengine tukamalizia. Watu walikuwa wanalia, ninakuambia kweli, wanaume wakubwa, na kapita alikumbatia muti.

Halafu tukaipindua.

Mbuzi za pori ziko aina nyingi. Kuna nyekundu kadogo, ile kila muntu anakula. Ile yetu ilikuwa kubwa, nyeusi, na kwa mugongo iko na nywele ya manjano, imesimama. Kwetu ile ilikuwa nyama ya mwami na wazee wanaume peke yao. Mwanamuke akiikula, hatazaa. Mutoto akiikula, ngozi inamubambuka mupaka anakufa. Kila mutoto alijifunza ile mbele ya kujifunza kusema Baba Yetu. Tulikuwa tumepanda mulima kutafutia watoto nyama, na mulima ulitupatia nyama moja, ile watoto hawagusi.

Mwenye nyavu alikaa chini akacheka, kicheko kibaya. Kapita akasema basi tufunge, tuipeleke kwa mwami, wazee watafurahi. Na Mugawa akaanza kunawa mikono kwa majani.

Alitandika majani. Tukaona hayatandiki vile anatandikaka. Anaangalia muntu, anaweka majani mawili. Anaangalia mwingine, anaweka moja. Kwangu aliangalia, akapita.

Kapita akamuuliza: «Unahesabu nini?»

«Watoto.»

Mwenye nyavu akasimama. «Papa, acha mchezo. Mutoto akikula hii, ngozi inabambuka. Unajua kutushinda.»

«Yangu imeshabambuka,» Mugawa akasema, anaendelea kukata. «Na hajawahi kuiona hata mukia. Yako je?»

«Yangu ni mutoto mwanamuke. Watu wakijua alikula, nani atamuoa? Nani ataoa muntu hazae?»

«Kama hafike mavuno, ataolewa na nani?»

Alikata yote. Kidari ya mwami aliigawa, ini ya wazee aliigawa, yote katika vipande sawasawa, juu ya majani, kwa hesabu ya watoto wa kile kilima. Akasimama kando, akafunga jicho moja, akasogeza kipande. «Muangalie,» akasema.

Na wao wakaangalia wapi? Wakaangalia mulima. Kapita alikuwa wa kwanza kuchukua mukuki yake na kushuka. Halafu mumoja, halafu mwingine. Mwenye nyavu alikunja nyavu yake bila kuangalia chini, machozi inamutoka, akanipatia nibebe. Mvua ikaanza. Mimi nikamuambia Mugawa: Papa, wamekataa, chukua yote, kausha kwa moshi, mujukuu atakula mupaka mwezi mupya. Alinijibu: «Hawajakataa. Wameenda tu.» Akainama, akachukua fungu yake. Moja. Alikuwa na mutoto mumoja. Mafungu ingine akayakunjia majani mvua isiyaoshe, akashikiza kila moja na kijiti, vizuri, polepole, halafu akaita imbwa yake akashuka.

Nilimukasirikia. Ninasema wazi. Nyama ya kulisha kilima imelala pale kwenye mvua, na yeye anashika adabu ya kisu.

Aliipika muchana, mulango wazi, kila muntu aone moshi. Muke wake hakusema kitu, aliongeza tu chumvi yote waliyokuwa nayo. Mutoto alikunywa supu, akatafuna kidogo, akanyoosha mukono kuomba tena. Muda haukupita mutoto akakufa. Ngozi yake, wanawake waliomuosha walisema, ilitoka pamoja na maji.

Basi wakasema. Unaona. Unaona ile nyama.

Walimuita kwenye kiwanja cha mwami. Alikuwa ameharibu kidari ya mwami na alikuwa amelisha mutoto nyama ya wazee, na mutoto amekufa. Maneno ilikuwa imeisha mbele ya kuanza. Waliuliza wale tulikuwa pamoja. Kapita akasema sisi tulikataa, tukaacha yote kule kule, imbwa za pori zilikula. Mwenye nyavu akasema ni vile. Wote wakasema ni vile. Mimi nikasema kile niliona, kama wote walishuka mikono mitupu. Mwami akamuuliza Mugawa kama iko na neno. Aliangalia wale wanaume mumoja mumoja, kwa muda, vile anaangaliaka mafungu. Akasema hapana. Wakamunyanganya kisu. Wakamufukuza kwenye kilima, yeye na muke wake na imbwa, na muke wake alipopita mbele ya wazee alitema mate chini, karibu na miguu yao, akaendelea.

Kisu walipatia muntu mwingine. Aligawa vibaya, watu walipigana.

Vita ya Wazungu ikaisha, mupira ikaisha, mavuno ikakuja nzuri kwa miaka. Watu waliongea juu ya Mugawa kama onyo kwa watoto. Nilizaa, nikazaa tena. Na kule katikati ya miaka ya hamusini nilishuka Sake na mizigo ya maharagi, siku ya soko. Nilikuwa ninabishana na mwanamuke mumoja juu ya kipimo chake, na nyuma yangu sauti ikasema: «Huyo ni mubeba nyavu.»

Mugawa alikuwa anakaa chini karibu na fungu ya kuni. Macho yalikuwa yamekuwa meupe, anaona kivuli tu. Muke ameshakufa. Analala kwa muntu mumoja wa kanisa, anamupasulia kuni kwa kupapasa. Nikanunua kasiksi, pombe ya ndizi, tukakaa. Nilifikiri ataniuliza juu ya kilima, ao juu ya wale wanaume, ao kama mwami yungali. Hakuuliza.

Aliuliza juu ya watoto. Kijana wa kapita iko wapi? Nikamuambia ule hakuvuka, alikufa ile mwaka. Akaendelea. Na wale wawili wa yule aliyeharisha damu? Nikamuambia wanalima, mumoja amekuwa murefu hata anainama akiingia mulangoni kwangu. Na mapacha ya fundi wa ngoma? Wako. Alikuwa anawajua wote. Alikuwa anawapitia vile alitandika majani, nyumba kwa nyumba, hakuruka hata mumoja.

Nikamuuliza mbona anauliza watoto wa watu waliomufukuza, na wababa wao hawaulize.

«Nilirudi kule juu,» akasema. «Asubuhi yake. Nikuambie kweli, nilienda kuiba. Mutoto aliomba tena, na sikuwa na kitu. Nikafika pale. Nyama hakuna. Nikasema basi, ni wanyama. Halafu nikapapasa chini. Vijiti vilikuwa kando, vimepangwa. Majani hakuna hata moja.» Alikunywa. «Imbwa ya pori inakula nyama. Haibebe majani.»

Kikombe kilikuwa mukononi mwangu na sikujua nikiweke wapi. Ndani ya kichwa nikaona kapita anapanda ndani ya mvua, peke yake. Nikaona mwenye nyavu na mwili wake mukubwa anajificha kwenye mianzi asikutane na mwingine. Kila mumoja na fungu yake, si zaidi. Nikamuambia: Papa, kwa mwami uliulizwa. Neno moja lilitosha. Wote wangenyamaza, ungebaki na nyumba yako.

«Na ule binti?» akasema. «Ningefungua mudomo, kesho yake kila muntu angejua alikula. Nani angemuoa?»

Watu wa soko walikuwa wanapita juu ya miguu yetu. Mikono yake ilikuwa imeweka kikombe chini, na vidole vilikuwa vinatafuta kitu kwa magoti. Nilielewa kama kuna nyumba moja hakuwa ameiuliza bado, na aliiogopa.

«Ule wa mwenye nyavu,» akasema. «Alifika?»

«Alifika, Papa. Aliolewa kule Kashuga.»

«Iko na mutoto?»

«Wawili. Na iko na tumbo.»

Aligeuza uso kwangu, yale macho meupe, akasogea karibu kama muntu asiyesikia.

«Sema tena,» akasema.

Nikasema tena.